Si Jambo la Tharura

Chama cha Wanafunzi wa Zamani
Chumba cha nyuma ya maktaba
Machi 4

Mwanangu Rula,

Usishtuke kuona jina hilo la utani juu ya bahasha iliyokuja kazini. Mwanafunzi wangu mmoja wa miaka ya karibuni, niliyempa orodha ya majina ninayoyatafuta, alikuja kujifungua hapo hospitalini kwako, akaona jina lako la daftari kwenye kibao cha mlango, na chini yake: Mkunga Mkuu. Aliporudi aliniletea habari hiyo kabla hata hajanionyesha mtoto. Nilifurahi mpaka nikamsahau mtoto kabisa, na mama yake akaninunia.

Nimestaafu kufundisha lakini sijastaafu kusumbua watu. Wamenifanya katibu wa chama cha wanafunzi wa zamani, na mwaka huu shule inatimiza miaka hamsini. Tunatengeneza daftari la wote waliopita hapa: jina, kazi, anwani, na kumbukumbu moja ya shule kwa mwandiko wako mwenyewe. Kila jina lina mstari mmoja. Daftari linakwenda kwa mpiga chapa tarehe thelathini Aprili, na siku ya mkutano kila mtu ataondoka na nakala yake.

Darasa lenu nalikumbuka kuliko yote, labda kwa kuwa ndilo nililolipachika majina ya mkebe wa hesabu. Bikari, Kichongeo, Kipimapembe, maskini, ambaye jina hilo mpaka leo halijambanduka. Wewe Rula, kwa urefu wako na kwa jinsi ulivyopiga mstari chini ya kila kitu, hata chini ya saini ya Mwalimu Mkuu. Na mwenzako wa dawati, Kifutio, aliyekuwa akifuta mpaka karatasi inatoboka.

Jaza fomu iliyomo humu, unijibu kwa barua. Simu sitaki. Haina pambizo la kusahihishia.

Mwalimu wenu wa lugha,
Wino Mwekundu


Wodi ya Wazazi
Machi 17

Mwalimu,

Shikamoo. Barua yako niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu wiki hizi mbili tumepokea wagonjwa wengi wa tharura na wakunga wangu wawili wako likizo.

Fomu nimeijaza. Kazi: mkunga. Mahali pa kazi naomba pasiandikwe. Watu wakijua ulipo hawakuachi upumue, kila mtu ana shemeji anayekaribia kujifungua. Kumbukumbu ya shule: tulikuwa tukifagia uwanja kabla ya kengele. Nadhani hiyo inatosha.

Kwenye mkutano sitaweza kuja. Zamu haziniruhusu.

Nakutakia kazi njema.

Rula


Duka la Mapazia
Machi 21

Kwa Katibu wa Chama,

Shikamoo. Samahani kwa kukuandikia bila kuitwa. Mteja alileta kitambaa chake kimefungwa kwa gazeti, na tangazo lenu lilikuwa limegeukia juu, sawasawa na macho yangu. Nikalikata kwa mkasi wa kazi. Bosi aliniona akaendelea na kazi.

Tangazo linasema "wote waliopita hapa". Hilo neno "wote" nimelisoma mara nyingi nikijiuliza kama kweli linanihusu. Mimi nilisoma mpaka mtihani wa mwisho, lakini nilifeli. Niliondoka kesho yake kwenda kumuuguza mama aliyekuwa amepata kiharusi, na baada ya matokeo sikurudi tena kwa aibu. Je, waliofeli nao wana nafasi katika daftari?

Mwalimu wetu wa lugha tulimwita Wino Mwekundu. Sijui kama bado yu hai. Kama yupo, naomba unisalimie kwake. Mwambie yule aliyemwita Rula anakata mapazia, na jina alilonipa halikwenda bure. Rula yangu ya mbao siku hizi ina mita nzima.

Binti yangu amesema nisiandike, najitafutia aibu ya bure. Nimeandika.

Niliyekuwa Rula


Chumba cha nyuma ya maktaba
Machi 27

Mwanangu,

Katibu ndiye mimi, na ni mzima, ingawa magoti yalistaafu kabla yangu. Salamu zimefika kwa mwenyewe.

Kila aliyekalia dawati la shule hii ana mstari wake. Hilo usiniulize tena.

Ila nina swali, nawe lijibu taratibu. Nani alikuambia umefeli? Uliona matokeo kwa macho yako au uliletewa habari? Kama ipo karatasi yoyote, hata iwe imechanika, nitumie. Bahasha yenye stempu imo humu. Barua hii usimwonyeshe mtu kwanza, hata binti yako, na usiniulize sababu.

Hapa chini nilianza sentensi mara mbili nikaikata. Utanisamehe kwa mikwaruzo.

Wino Mwekundu


Chumba cha nyuma ya maktaba
Machi 27

Mkunga Mkuu,

Nakurudishia nakala ya barua yako ikiwa imesahihishwa. Ndiyo tabia yangu, usinichukie. Wapo wanafunzi wangu waliowahi kuniandikia kunialika harusini, nikawarudishia mwaliko na alama. Yako nimeipa saba kwa kumi. Kosa ni moja, liko mstari wa pili. Ni dharura. Yule mwanafunzi wangu aliyejifungua huko ananiambia neno hilo limepakwa rangi nyekundu juu ya mlango wa hospitali, herufi kubwa kama sufuria. Wewe unapita chini yake kila asubuhi.

Darasani nilikuwa nikiwaambia: weka kidole kooni. Ukisema dh, koo linatetemeka. Ukisema th, unapuliza upepo tu. Rula hakuhitaji kidole. Rula alikuwa akinisahihisha mimi, tena bila haya. Katika darasa lile alikuwapo mmoja tu aliyeandika tharura, thahabu na tharau mpaka siku ya mwisho ya mtihani.

Labda ni umri. Mimi mwenyewe natafuta miwani nikiwa nimeivaa. Basi nisaidie jambo dogo. Mwenzako wa dawati, Kifutio, yuko wapi siku hizi? Sina anwani yake na mstari wake uko mtupu.

Nasubiri.

Wino Mwekundu


Wodi ya Wazazi
Aprili 5

Mwalimu,

Kuhusu Kifutio, alifariki. Ni miaka mingi sasa, muda mfupi tu baada ya shule. Ilikuwa homa, hata siku tatu hazikutimia. Mwandike kwenye orodha ya marehemu.

Hakuacha mtoto. Hakuwa na jambo kubwa la kukumbukwa, ila alijitahidi sana na hakuna aliyemwona. Hilo unaweza kuliandika au kuliacha, ni juu yako.

Lile neno niliandika nikiwa nimechoka. Naomba tusiandikiane tena. Nina wodi ya vitanda ishirini na sita, sina muda wa imla.

Rula


Duka la Mapazia
Aprili 6

Mwalimu wangu,

Niliposoma kwamba katibu ni wewe nilicheka peke yangu mpaka bosi akatoka stoo kuangalia kulikoni. Asante kwa mstari. Nimefurahi kama mtoto, hata naona haya kukuambia.

Umeniuliza nani aliniambia. Ni Kifutio. Nilimwandikia aniangalizie matokeo ubaoni, maana mama hakuweza kugeuka kitandani bila mimi. Alinijibu baada ya wiki tatu. Barua yake nimeitunza ndani ya kopo la vifungo miaka thelathini na tano. Naituma, lakini naomba uirudishe, ndiye mtu pekee wa darasa letu aliyewahi kuniandikia. Utaona mwenyewe ilivyo fupi: "Mpenzi Rula, pole sana, jina lako halimo kwenye waliopita. Langu pia halimo. Usihangaike kuja shuleni, hili si jambo la tharura, tutarudia mwakani."

Mwakani nilikuwa bado namuuguza mama, na mwaka uliofuata vilevile. Mama alikufa akijua nimefeli. Alikuwa akisema kosa ni lake, kwa kuugua wakati wa mtihani. Nilimkatalia kila siku na hakukubali, akafa nalo.

Binti yangu nilimlea kwa kumwambia asome asije akawa kama mimi. Nadhani nililisema mara nyingi mno. Sasa amekuwa mtu mzima, ananionea huruma, na huruma yake inaniudhi kuliko matusi.

Una anwani ya Kifutio? Ningependa sana kumwona. Baada ya barua hiyo nilimwandikia mara nne, akanyamaza. Nadhani na yeye aliona aibu ya kufeli.

Rula


Chumba cha nyuma ya maktaba
Aprili 12

Kifutio,

Nimefurahi kusikia kuwa hujafa.

Mezani pangu kuna barua mbili. Moja wino wake umegeuka kahawia, nyingine ni yako ya mwezi uliopita. Zote mbili zina neno lilelile lenye kosa lilelile, na herufi r ileile yenye mkia. Rula mwenyewe, mwenye jina unaloitikia hapo wodini, yu hai. Anakata mapazia kwenye duka la mtu. Anaamini alifeli kwa sababu wewe ulimwandikia hivyo, na anakutafuta ili akufariji. Soma tena hapo. Anataka kukufariji.

Alikuwa wa pili darasani. Bahasha ya cheti chake nilikukabidhi wewe mkononi, ukaniambia Jumamosi unapanda basi kumpelekea.

Sikufichi, nimekasirika. Nimekandamiza kalamu mpaka wino umedondoka hapo pembeni.

Mstari ni mmoja. Tarehe thelathini nitaandika mtu mmoja kwenye mstari wa jina lile, na kazi yake, na mahali alipo, na daftari litasomwa na watu mia nane. Kati yao wapo wanaofanya kazi wizarani. Sikutishi, nakueleza tu daftari lilivyo. Mwambie wewe kabla sijamwambia mimi.

Wino Mwekundu


Wodi ya Wazazi
Aprili 16

Mwalimu,

Unaandika "sikutishi" halafu unataja wizara. Haya.

Ni mimi. Umeshinda.

Tiketi nilikata kweli. Nilikaa kwenye benchi la kituo cha basi na bahasha mapajani, nikaifungua nione alama zake za lugha tu. Matokeo yangu nilikuwa nayo mfukoni. Masomo yote nilikuwa nimepita isipokuwa moja. Lako. Chuo cha ukunga kilikuwa kinafunga kupokea majina Jumatatu, na kila nilipofumba macho nilijiona nimevaa nguo nyeupe. Basi likaja, likajaa, likaondoka, mimi nimekaa palepale. Sikupanga. Sikujua nimeamua mpaka niliposimama nikarudi nyumbani.

Miaka minne ulinisimamisha mbele ya darasa na kidole kooni, wenzangu wakicheka mpaka wanashika mbavu. Mimi nilikuwa natetemeka mwili mzima isipokuwa hilo koo. Ile haikuwa kufundisha, ilikuwa tharau. Ndiyo, nimeandika hivyo. Chukua kalamu yako usahihishe.

Na kuna jambo umelisahau, au unajifanya hamnazo. Daftari la kukabidhi vyeti lilitaka saini ya mwenye cheti. Nilikuambia mimi siye. Ulikuwa na haraka, unakwenda kikaoni. Ukasema, "Andika tu jina lake hapo, kuna ubaya gani?" Mara ya kwanza kuandika jina lile kana kwamba ni langu, aliyenishikisha kalamu ni wewe.

Nimezalisha wanawake wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Wapo watoto waliopewa jina lile kwa heshima yangu, na mama zao wananiletea niwaone, na kila nikimbeba mmoja najiona mwizi. Mume wangu hajui. Wanangu hawajui. Mama yangu alipokuja kunitembelea kazini nilimkataza asiniite mbele ya watu, akadhani namwonea aibu yeye. Amekufa na hilo, kama mama yake Rula alivyokufa na lake.

Nimebakiza miezi minane nistaafu. Miezi minane, Mwalimu. Nikifukuzwa leo Rula atapata nini? Ujana wake hautarudi. Mwandike yeye kwenye mstari, anwani yangu ichane, na mimi niache niwe marehemu. Nakuomba kwa magoti, niache nipite. Niko kwenye thiki ambayo sijawahi kuiona.

Mkunga


Chumba cha nyuma ya maktaba
Aprili 20

Kifutio,

Barua yako sijaisahihisha. Nimeiacha ilivyo.

Nimekwenda stoo ya shule. Daftari la vyeti nimelikuta kwenye sanduku, chini ya jezi za mpira zilizotafunwa na panya. Jina la Rula lipo, kwa mkono wako. Uliandika kwa penseli, ukafuta, ukaandika tena, ukafuta, ukaandika kwa kalamu, na karatasi imetoboka pale pale. Kumbe ulisita. Mimi nilikuwa nimesimama kando yako nikitazama saa. Pembeni nimetia saini yangu na neno moja: Nimeshuhudia. Maisha yangu yote nimewinda makosa ya watoto, na hilo langu limekaa sandukuni miaka thelathini na tano bila mtu kulipiga mstari.

Nikuambie na aibu yangu nyingine. Kwa siku mbili nilitaka kukubaliana na wewe. Chama kimepanga kuipa maktaba jina langu siku ya mkutano, na kibao kimeshachongwa, kiko hapa ukutani kimegeuzwa. Nilijiambia miezi minane si kitu, mradi Rula hajui kwamba anasubiri. Nilikwishaandika hata barua ya kumwambia Kifutio ni marehemu. Halafu nikasoma tena alichoandika juu ya mama yake, nikaichana barua yangu vipande vidogo vidogo.

Kuhusu wizara, hiyo niliandika kwa hasira na ninaifuta. Kuhusu kidole kooni, naomba radhi. Nilidhani mnacheka wote.

Anwani ya Rula iko chini ya karatasi hii. Barua yangu kwake, ya kumweleza nilichofanya na daftari lile na ulichoniomba wewe, itakwenda posta tarehe ishirini na tano. Yako itangulie. Baada ya hapo mwenye neno ni yeye, si mimi wala wewe.

Wino Mwekundu


Nyumbani
Aprili 24

Rula,

Ni Kifutio. Barua hii usiisome umesimama. Tafuta kiti.

Hukufeli. Ulikuwa wa pili darasani. Niliyefeli ni mimi. Mwalimu alinipa cheti chako nikuletee, sikukuleta. Nilikuandikia kwamba jina lako halimo, kisha nikaenda chuoni kwa jina hilohilo, na ndilo ninaloitwa kazini mpaka leo. Ni mkunga mkuu. Kila mtu anayeniita ananiita wewe.

Nimeandika hayo mwanzoni nisije nikapata njia ya kuyazunguka, maana najijua.

Cheti kiko ofisini kwangu kwenye fremu. Nimekitundika nyuma ya kiti changu ili wageni wakione mimi nisikione. Barua zako nne nilizipata zote. Tatu nilizisoma. Katika ya tatu uliniuliza kama kuna jambo umenikosea. Ya nne sijaifungua hadi leo, imo kwenye mkoba wangu, imehama na mimi nyumba tano.

Ningeweza kukuambia nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka uliofuata nilikuwa na ishirini, na kila mwaka nilikuwa mkubwa zaidi na sikusema. Nilijiambia nikiwa mkunga mzuri sana itakuwa kana kwamba ni wewe umefanya kazi hiyo kupitia mikono yangu. Ni upuuzi, lakini niliushika miaka mingi.

Maneno yote yenye dh nimeyaangalia kwenye kamusi, nisikukosee tena hata kwa herufi. Nilichokufanyia ni dhuluma. Nimefunga mlango wa ofisi, nimeweka kidole kooni, nimelisema neno hilo kwa sauti. Limetetemeka.

Nimeandika barua kwa Mganga Mkuu kumweleza kila kitu. Iko kwenye droo. Nasubiri neno lako. Ukisema niipeleke, naipeleka asubuhi yake. Ukisema nimalize miezi yangu minane nistaafu kimya kimya, nitafanya hivyo pia. Utakavyoamua ndivyo itakavyokuwa.

Msamaha sikuombi, sioni pa kuanzia kuuomba. Niambie tu cheti nikitume kwa posta au nimkabidhi Mwalimu.

Kifutio


Duka la Mapazia
Aprili 28

Kifutio,

Barua yako na ya Mwalimu nimezipata pamoja. Nilianza na yako kwa sababu niliujua mwandiko. Nilifurahi. Nataka ulijue hilo, kwamba kwa muda wote wa kuichana ile bahasha nilikuwa na furaha.

Baada ya kuisoma nilirudi mezani nikakata pazia la mteja, likatoka fupi kwa shubiri nzima. Tangu nianze kazi hii sijawahi kukosea kipimo. Bosi aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Jana nilikwenda kaburini kwa mama kumsomea matokeo. Nimemsomea kwa sauti, somo moja moja, kama Mwalimu alivyoniandikia. Watu wawili walipita wakanitazama, sikujali. Binti yangu nilipomwambia alitaka twende polisi saa ileile, tayari ameshavaa viatu. Nikamwambia akae. Akakaa akalia, na mimi nikamwangalia, kwa sababu kwangu kilio bado hakijafika. Kuna hasira tu, na kila nikiamka ipo, imekaa inanisubiri. Sijui kama nilifanya vizuri kumkalisha.

Umenipa habari ya barua iliyo kwenye droo, eti nikuambie uipeleke au usiipeleke. Hilo sikubali. Uliniamulia maisha yangu bila kuniuliza, sasa unataka nikuamulie na yako, ili likiharibika uwe na wa kumlaumu. Droo ni yako na miguu ni yako. Unajua ofisi ya Mganga Mkuu ilipo.

Mwalimu ameniambia kuwa uliomba kuandikwa marehemu. Nimemjibu leo. Kwenye mstari wangu aandike jina langu, kazi yangu ni kukata mapazia, mtihani nilipita nikawa wa pili. Na mstari wako asiupeleke kwa marehemu. Auache mtupu. Kama hujaujaza mpaka tarehe thelathini, lichapwe hivyohivyo, watu mia nane wauone ulivyo mtupu.

Mimi nataka jambo moja. Umeuliza cheti ukitume kwa posta au umkabidhi Mwalimu. Posta usipeleke na Mwalimu usimpe. Ulitumwa uniletee mimi, mkononi, na bado hujafika. Uliniandikia kwamba si jambo la tharura. Ni la dharura, Kifutio. Panda basi.

Mtaa ni wa nyuma ya duka, mlango wa kijani, wa tatu kutoka kwenye bomba la maji. Huwa naufunga kwa sababu ya vumbi, kwa hiyo itabidi upige hodi. Nitauliza ni nani, kama ninavyomuuliza kila mtu. Utaje jina lako.

Rula